Fungueni chupa hata kwa mtoto mmoja

SI zamani sana, nilimsindikiza binti yangu hadi kliniki moja ya umma upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Mjukuu wangu alikuwa ametimiza miezi tisa, na kadi yake ilionyesha kwamba siku ya kudungwa sindano ya surua, au ukambi kama wengi wanavyouita, ilikuwa imewadia.

Binti yangu hufanya kazi kiwandani na alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Tulipanda matatu saa kumi na mbili unusu asubuhi ili tuwe miongoni mwa watu wa kwanza kwenye foleni.

Mtoto alipimwa uzani, akaandikwa kitabuni, nasi tukaketi kungoja. Ilipotimu saa nne, muuguzi alitoka nje na kutuhesabu. Watoto waliokuja kwa sindano hiyo walikuwa watatu.

"Mama, leo hatufungui chupa," alimwambia binti yangu. "Chupa moja ni ya watoto kumi. Rudini Jumatano, labda mtakuwa mmetosha."

Hakutukana wala hakupandisha sauti. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Akina mama wale wawili wengine waliwafunga watoto wao mgongoni, wakaondoka. Mmoja alinung'unika kwamba Jumatano ni siku yake ya kufulia watu nguo, na isitoshe, mtoto mwenyewe ana shida gani? Si amekwisha kudungwa sindano nyingi tayari?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mama yule alikuwa na hoja, ingawa alikosea. Mtoto wake alichanjwa alipozaliwa, akachanjwa tena akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Kwake yeye, chanjo ni chanjo, kama vile uji ni uji. Ukishakunywa vikombe vinne, cha tano ni cha nini?

Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba sindano zote hizo hazikuwa na hata tone moja la kumkinga mtoto na surua. Wala hakuna aliyemweleza ni kwa nini chupa ya surua haiwezi kufunguliwa leo na kumaliziwa kesho, ilhali chupa za chanjo nyingine huweza. Majibu ya maswali hayo mawili yamo katika jambo moja ambalo wakuu wetu wa afya huliona kuwa somo la madaktari peke yao: chanjo si za aina moja.

Mimi nasema ni somo la kila mzazi. Asiyelijua hukata tamaa akirudishwa nyumbani mara moja, na uvumi wa mtaani humpata bila silaha.

Mlinzi na sura ya mwizi

Katika damu ya kila mmoja wetu mna walinzi, yaani chembechembe nyeupe, ambao kazi yao ni kumtambua mgeni mbaya na kumwangamiza. Tatizo ni kwamba mlinzi asiyewahi kumwona mwizi huchukua siku nyingi kumtambua, na mwizi naye hangoji. Kifaduro au polio huenda ikawa imekwisha kuharibu kabla walinzi hawajajipanga.

Chanjo ni njia ya kuwajulisha walinzi sura ya mwizi kabla hajafika langoni. Wakishamjua, hutengeneza kingamwili, ambazo ni silaha zinazomfaa mwizi huyo peke yake. Baadhi ya walinzi hao huweka kumbukumbu kwa miaka mingi, pengine maisha yote.

Lakini sura ya mwizi wa polio haimsaidii mlinzi kumtambua mwizi wa surua. Ndiyo sababu kadi ya kliniki ina mistari mingi. Namna ya kumjulisha mlinzi nayo hutofautiana, na tofauti hizo ndizo zinazoamua chanjo itolewe mara ngapi, ihifadhiwe vipi, na imwache mtoto na homa au bila homa.

Viini hai vilivyodhoofishwa

Njia kongwe kuliko zote ni kutumia kiini kilicho hai lakini kilichopunguzwa ukali, au ndugu yake mpole. Mnamo Mei 1796, daktari Mwingereza, Edward Jenner, alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kutoka mkononi mwa mwanamke mkamuaji maziwa na kumchanja nao mvulana wa miaka minane, James Phipps. Baadaye alimtia mtoto huyo usaha wa ndui yenyewe, na hakuugua. Leo hakuna daktari angeruhusiwa kufanya jaribio kama hilo, lakini mbinu iliyotokana nalo iliiondoa ndui duniani.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia, na alipatwa nayo mnamo Oktoba 1977. Ingawa alifanya kazi hospitalini, alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa akizunguka kuwahimiza wazazi wa Somalia wakubali chanjo ya polio, hadi alipofariki mwaka wa 2013.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza Mei 1980 kwamba ndui imekwisha. Wasomaji wetu wenye umri mkubwa wangali na kovu la chanjo hiyo begani. Watoto wao hawana, kwa kuwa hawakuhitaji kuchanjwa.

Kovu walilo nalo vijana wetu ni la BCG, kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Hiyo pia ni chanjo hai. Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walimlea maabarani bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kwa miaka 13 hadi akapoteza makali, na chanjo yao ikatumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1921. Haina uhakika wa kumzuia mtu mzima kupata TB ya mapafu, lakini humkinga mtoto mchanga na TB ya ubongo na ile inayotapakaa mwilini, ambazo huua upesi.

Katika kundi hili mna pia chanjo ya surua na rubella, ya homa ya manjano, matone ya polio, na matone ya kuzuia virusi vya rota vinavyowaharisha watoto hadi wakakaukiwa na maji mwilini. Kenya ilianza kutoa chanjo ya rota mwaka wa 2014.

Uzuri wa chanjo hai ni kwamba humpa mlinzi mazoezi halisi, kwa hiyo mara nyingi dozi chache hutosha. Ubaya wake ni kwamba kilicho hai hufa. Joto hukiua. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, na ukishachanganywa na maji yake ni lazima utumike katika muda wa saa sita, unaobaki utupwe. Haitiwi dawa ya kuzuia viini vya nje, kwa kuwa dawa hiyo yaweza kukiua kiini cha chanjo chenyewe.

Sheria hiyo si ya mchezo. Mnamo Mei 2017, watoto 15 walifariki katika eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, kwa sababu wahudumu wasio na mafunzo ya kutosha walitumia bomba moja la kuchanganyia chanjo ya surua kwa siku kadhaa, na chanjo yenyewe ikakaa bila kuwekwa kwenye baridi. Chanjo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kuishughulikia.

Kwa hiyo muuguzi wetu alisema kweli kwamba chupa ya watoto kumi ikifunguliwa haiwezi kulala. Nitarudi kwenye chupa hiyo.

Viini vilivyouawa

Njia ya pili ni kukiua kiini kabisa na kuwaonyesha walinzi mzoga wake. Hakiwezi kuzaana wala kumgonjweza mtu. Lakini kwa kuwa mzoga haushtui kama kiumbe hai, dozi kadhaa huhitajika.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ya siku hizi ni ya namna hiyo. Yeyote aliyeumwa na mbwa asiyejulikana aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo na amalize sindano zote. Dalili za ugonjwa huo zikianza, karibu hakuna anayepona.

Polio ndiyo inayoonyesha vizuri tofauti kati ya kiini hai na kilichouawa, kwa sababu watoto wetu hupewa zote mbili. Matone ya mdomoni ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Huingia matumboni kama polio yenyewe iingiavyo, hujenga kinga pale pale, na mtoto hutoa virusi hivyo hafifu chooni kwa majuma machache. Ni rahisi kutoa na bei yake ni nafuu. Kutokana na matone hayo, Afrika nzima ilitangazwa mnamo Agosti 2020 kuwa haina tena polio ya asili.

Lakini kuna jambo ambalo wananchi hawaambiwi waziwazi. Pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa na vyoo ni vibaya, virusi hivyo hafifu vinaweza kupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, vikibadilika kidogo kidogo, hadi vikarejelewa na uwezo wa kupoozesha. Mnamo Machi 2018, virusi vya namna hiyo vilipatikana katika maji-taka ya Kamukunji, hapa hapa Nairobi.

Nalitaja hili makusudi. Anayelificha humpa mchochezi silaha, kwani siku litakapojulikana atasema tulidanganywa. Ukweli kamili ni kwamba virusi hivyo haviwezi kustawi mahali ambapo karibu kila mtoto amechanjwa. Hupenya kwenye mapengo. Dawa yake ni kuziba mapengo hayo, na pia kumpa kila mtoto sindano ya polio ya virusi vilivyouawa, ambayo haiwezi kabisa kuzua tatizo hilo. Humkinga mtoto asipooze, ingawa haizuii vizuri virusi kukaa matumboni. Ndiyo maana tunahitaji matone na sindano pia.

Sumu iliyoondolewa makali

Kuna magonjwa ambayo kinachoua ni sumu inayotolewa na kiini. Pepopunda na dondakoo ni ya aina hiyo. Wataalamu huichukua sumu hiyo, wakaiondolea makali kwa dawa, halafu wakaitumia kama chanjo. Mlinzi hufundishwa kumnyang'anya mwizi panga lake.

Mama mjamzito akidungwa sindano ya pepopunda, kingamwili zake humpitia mtoto tumboni na kumlinda siku anapokatwa kitovu. Kinga hii hufifia, kwa hiyo sindano hurudiwa.

Wasomaji wakumbuke pia kwamba pepopunda haiambukizwi na mtu. Inatoka kwenye udongo na uchafu. Hata kama majirani zako wote wamechanjwa, msumari wenye uchafu utakupata wewe usiyechanjwa.

Vipande vya kiini

Njia nyingine ni kuchukua kipande tu cha kiini, kama vile kumwonyesha mlinzi koti la mwizi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni protini moja tu ya ganda la virusi, inayotengenezwa na hamira maabarani. Imo ndani ya sindano ya magonjwa matano ambayo Kenya iliianzisha mwaka wa 2001 pamoja na kinga ya dondakoo, pepopunda, kifaduro na bakteria wa Hib anayesababisha homa ya uti wa mgongo.

Chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa uzazi, nayo ni maganda matupu ya virusi yasiyo na kitu ndani. Kenya iliianzisha Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Wanaosema inawafanya wasichana wagumba hawana ushahidi wowote. Ganda tupu haliwezi kuzaana wala kugusa kizazi cha mtu. Isitoshe, ni wasichana na wanawake wetu wa Thika, Nairobi na Kisumu waliojitolea katika utafiti ambao ni miongoni mwa zile zilizoifanya WHO kukubali mnamo Desemba 2022 kwamba hata dozi moja yaweza kutosha.

Baadhi ya bakteria hujifunika koti la sukari, na walinzi wa mtoto mchanga hawaitambui sukari hiyo. Wataalamu wakabuni hila ya kuifunga kwenye protini ambayo walinzi huitambua upesi. Hivyo ndivyo chanjo ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka wa 2011 inavyofanya kazi, na vivyo hivyo ile ya homa ya matumbo iliyotolewa katika kampeni ya Julai 2025.

Matokeo yake si ya kukisiwa. Watafiti wa Kilifi waliripoti mwaka wa 2019 kwamba maambukizi makali ya bakteria wa nimonia wa aina zilizomo kwenye chanjo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Chanjo ya kwanza ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuitoa katika sehemu za magharibi mnamo Septemba 2019, imeunganisha kipande cha kiini cha malaria na kile cha homa ya ini aina ya B. Hutolewa mara nne, na hupunguza malaria kali badala ya kuimaliza. Anayechanjwa aendelee kulala ndani ya neti.

Maelekezo badala ya kiini

Wakati wa janga la Covid-19, tulisikia habari za chanjo za namna mpya. Ile ya AstraZeneca, iliyowasili nchini Machi 2021, ilitumia virusi vya mafua ya sokwe visivyoweza kuzaana kubeba maelekezo. Zile za Pfizer na Moderna zilibeba maelekezo hayo, yaitwayo mRNA, ndani ya matone madogo mno ya mafuta.

Katika njia zote mbili, chembe za mwili wako husoma maelekezo na kujitengenezea kwa muda mfupi protini moja ya virusi, na walinzi wakajifunza kuitambua. Maelekezo ya mRNA huharibika upesi, na hayaingii mahali ambapo urithi wa mtu huhifadhiwa. Katalin Karikó na Drew Weissman, walioitayarishia njia hiyo msingi, walitunukiwa Tuzo la Nobel mwaka wa 2023. Msingi wenyewe ulikuwa na miaka mingi, ingawa wengi wetu tuliusikia mara ya kwanza wakati wa janga.

Je, chanjo zina madhara? Zinayo. BCG huacha kidonda kidogo. Sindano ya magonjwa matano humletea mtoto homa ya siku moja au mbili. Chanjo ya AstraZeneca ilisababisha mgando hatari wa damu kwa watu wachache mno. Mara chache sana, mtu hupatwa na mzio mkali muda mfupi baada ya sindano, ndiyo sababu unashauriwa usubiri kidogo kabla ya kuondoka kliniki. Mwenye kinga iliyodhoofika sana hapewi baadhi ya chanjo hai. Mambo haya yasemwe waziwazi, na yawekwe kwenye mizani pamoja na magonjwa yenyewe.

Hesabu ya surua

Sasa tumrudie yule mtoto wa miezi tisa. Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kuliko yote duniani. Mgonjwa mmoja akiwa kati ya watu wasio na kinga huweza kuambukiza kati ya 12 na 18. Virusi vyake hukaa hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Mtoto mwenye surua akishuka kwenye matatu, abiria wa safari inayofuata wanaivuta hewa hiyo hiyo.

Surua pia hufuta sehemu ya kumbukumbu ya walinzi, hivi kwamba mtoto aliyepona huweza kushambuliwa upya na magonjwa aliyokuwa na kinga nayo.

Ili isipate njia ya kupita, watu 95 kati ya 100 wanahitaji kuwa na kinga. Dozi ya miezi tisa hukinga watoto wapatao 85 kati ya 100, kwa sababu wengine wangali na kingamwili walizopewa na mama zao, ambazo huifukuza chanjo. Hivyo basi, mtaa ukichanja watoto 90 kati ya 100 mara moja tu, waliokingika kweli ni 76 au 77. Hiyo ndiyo sababu ya dozi ya pili ya miezi 18, ambayo wazazi wengi huisahau.

Na wanaoponzwa na upungufu huo si wenye makosa. Ni mtoto wa miezi mitano ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa. Ni mtoto anayetibiwa saratani. Hao hawana kinga nyingine ila sisi tuliowazunguka.

Mwaka wa 2024, WHO ilitoa makadirio kwamba chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154 katika miaka 50, na kwamba chanjo ya surua peke yake ilichangia asilimia 60 ya idadi hiyo. Chupa ile ya watoto kumi si kitu kidogo.

Kinachohesabiwa

Simlaumu muuguzi. Nilipomuuliza faraghani, alinieleza kwamba kila mwezi huandika ripoti ya dozi zilizotupwa, na zikizidi huulizwa sababu. Hakuna anayemuuliza ni watoto wangapi aliowarudisha nyumbani. Anayehesabiwa dozi atalinda dozi.

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la utawala. Mwongozo wa WHO ni kwamba chupa ya surua ifunguliwe hata kama mtoto aliyefika ni mmoja. Dozi tisa zikitupwa ni hasara inayoweza kupangiwa bajeti. Mtoto asiyerudi hapangiwi bajeti na mtu yeyote, hadi mlipuko utokee, na hapo ndipo fedha hutafutwa za kampeni ya dharura, magari na vipaza sauti.

Watakaopinga watasema kwamba chanjo zenyewe hazitoshi. Ni kweli kwamba katikati ya mwaka wa 2025 sehemu kadhaa za nchi ziliishiwa na BCG na chanjo ya polio. Ni kweli pia kwamba Kenya inajiandaa kuacha kusaidiwa na shirika la Gavi na kujilipia chanjo zake zote kufikia mwishoni mwa mwongo huu. Lakini hiyo ni sababu ya Hazina kutenga fedha mapema na kuzitoa kwa wakati, si sababu ya kumrudisha mtoto aliyekwisha kufika mlangoni.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yafanywe. Kwanza, kila kliniki iandike idadi ya watoto waliorudishwa bila chanjo, na idadi hiyo isomwe pamoja na ile ya dozi zilizotupwa. Pili, wizara na kaunti ziwaruhusu wauguzi kwa maandishi kufungua chupa kwa mtoto yeyote aliyefika, bila kuogopa kuadhibiwa. Tatu, muuguzi apewe dakika mbili za kumweleza mzazi hii ni chanjo gani, inazuia nini, na atarudi lini na kwa nini. Maelezo hayo yabandikwe ukutani kwa Kiswahili.

Nasi wazazi tutunze kadi. Tuulize. Na tusisahau miezi 18, hata kama mtoto anakimbia uwanjani na hana dalili ya ugonjwa.

Jumatano ilipofika, binti yangu hakupata ruhusa ya pili, kwa hiyo nilimpeleka mjukuu mwenyewe. Watoto wa surua walikuwa saba. Saba si kumi, lakini chupa ilifunguliwa. Mjukuu alilia kidogo, akanyamaza alipopewa ndizi.

Niliwatafuta kwa macho wale akina mama wawili tulioachana nao. Mmoja alikuwapo. Yule wa kufua nguo hakuwapo.

Huenda alikuwa nyumbani kwako, msomaji, au kwa jirani yako. Muulize kuhusu kadi ya mtoto wake. Ikiwa siku yake imepita, mwache aende kesho asubuhi, na usimkate hata senti moja.